Kazi ya Mikono Katika Zama za Kompyuta

(Hotuba ya Katibu katika sherehe ya kutimiza miaka 10, Titye)



Nimeagizwa na Halmashauri niseme machache juu ya jambo lililojadiliwa sana vikaoni: je, kitu kilichofanywa kwa msaada wa kompyuta chastahili kuitwa kazi ya mikono?

Jambo hili si la maneno matupu. Ni la riziki. Mama asukaye kikapu hutumia siku nyingi. Mashine ya leza, ikifuata mchoro wa kompyuta, yaweza kukata vibao ishirini vilivyo sawasawa kabla mama huyo hajamaliza kitako cha kikapu chake. Vitu hivyo vikiwekwa rafu moja kwa lebo moja, mnunuzi atachukua kilicho rahisi, na msusi ataacha kusuka.

Walakini tusikiogope chombo kwa kuwa ni kipya. Cherehani ni mashine, wala hatujapata kumwambia fundi wa Kasulu kwamba gauni aliloshona si kazi yake. Mchonga vinyago wa Kimakonde hutumia tezo, patasi na tupa. Hakuna achongaye mpingo kwa kucha. Basi swali si chombo gani kimetumika, bali ustadi umetoka kwa nani.

Mwaka 1997, katika mkutano wa UNESCO na Kituo cha Biashara cha Kimataifa huko Manila, Ufilipino, ilikubaliwa kwamba bidhaa ya fundi yaweza kufanywa kwa mikono mitupu, kwa vifaa vya mkono, au hata kwa mashine, mradi mchango wa mkono wa fundi mwenyewe uwe ndio sehemu kubwa ya kitu kilichokamilika. Kipimo hicho chatufaa.

Kwa hiyo Halmashauri yapendekeza mambo matatu. Kwanza, mtu akipanga nakshi kwa kompyuta, kisha akasuka kwa vidole vyake, kikapu hicho ni kazi ya mikono. Pili, kitu kilichokatwa kwa mashine, kisha kikachongwa na kupakwa rangi kwa mkono, lebo yake iseme hivyo hivyo. Tatu, kilichotoka mashineni kimekamilika kiuzwe kwa jina lake na kwa bei yake. Hiyo si aibu, lakini kisivae nguo ya kuazima.

Vijana wetu wajuao kompyuta tusiwafukuze, twawahitaji. Lililo baya ni kumdanganya mnunuzi. Mtu aliye mbali haioni mikono yetu. Aiona lebo tu. Akidanganywa mara moja, hatauliza ni mwanachama yupi aliyekosa, bali atakiacha Chama kizima. Samaki mmoja akioza, huoza wote.

Ndugu wanachama, miaka kumi hii tumeuza vikapu, lakini zaidi ya hivyo tumeuza uaminifu. Nawaomba mlipitishe pendekezo hili katika Mkutano Mkuu, ili msusi apate haki yake na kijana apate nafasi yake.

Ushirika wetu na udumu.