Mapatano ya Nyavu katika Ziwa Mweru

Katika mwambao wa Ziwa Mweru, wilayani Nchelenge, wako wavuvi wasio na uwezo wa kununua nyavu. Mvuvi wa namna hiyo humwendea mchuuzi, naye mchuuzi humpa nyavu, pengine na unga wa kula, kwa ahadi kwamba samaki wote atauziwa yeye peke yake. Mapatano hayo hufanywa kwa mdomo, na mara nyingi jambo kubwa kuliko yote, yaani bei ya samaki, halitajwi kabisa.

Mvuvi huyo si kibarua. Mtumbwi ni wake, na hatari ya mawimbi ni yake. Sheria ya Ajira ya Zambia ya mwaka 2019 humlinda aliyeajiriwa. Anayejitegemea hutegemea masharti aliyopatana. Masharti yakinyamaza, mwenye fedha ndiye huyasema. Hata enzi za ukoloni, wachuuzi wa Kigiriki wa Kasenga, upande wa Kongo, waliponunua samaki wa maji haya kwa ajili ya migodi ya Katanga, mwenye barafu na lori alikuwa na nguvu kuliko mwenye mtumbwi.

Kila mwaka, tangu 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wazaane. Je, miezi hiyo mitatu deni limelala au linakua? Nyavu zikichukuliwa na dhoruba, hasara ni ya nani? Hayakusemwa. Ndipo mchuuzi hukimbilia kituo cha polisi akidai kuwa ameibiwa.

Hapo askari hana budi kuwa macho. Kukopa na kushindwa kulipa si wizi, isipokuwa palipokuwa na hila tangu mwanzo. Ni shauri la madai, na mahali pake ni mahakamani. Askari amtiaye mvuvi pingu ili deni lilipwe amejigeuza mtumishi wa tajiri, hali sare aliyovaa ni ya umma. Hata hivyo, mvuvi anayeuza samaki kwa siri kwa mchuuzi mwingine naye amevunja ahadi, na unyonge wake haumpi ruhusa hiyo.

Karatasi moja ingetosha. Bei ifuate soko la Kashikishi siku samaki wanapopakuliwa. Deni lisizae riba wakati ziwa limefungwa. Nyavu zikipotea bila uzembe, hasara igawanywe. Mtumbwi usichukuliwe bila amri ya mahakama. Kila upande ubaki na nakala, na asiyejua kusoma asomewe mbele ya mashahidi kabla nyavu hazijatiwa majini.