Mifupa ya Tendaguru na Umri wa Dunia

Juma lililopita tulizungumza juu ya mchanga na matope ya mito, jinsi yanavyolala tabaka juu ya tabaka hata yakawa mwamba. Leo tutatazama vilivyofukiwa ndani ya tabaka hizo, yaani viumbe walioishi kabla yetu. Ninyi mlio katika vikundi vya kusikiliza, mwekeni karibu yule mwenye chaki, maana hesabu zitakuwapo.

Taabu ya somo hili ni miaka. Dunia ina umri wa miaka milioni 4,500 na zaidi kidogo. Mtu akitajiwa hesabu hiyo huitikia "naam," lakini moyoni hakupata kitu. Basi tuifanye safari. Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi kwa barabara ni kama kilometa 450. Tuseme dunia ilizaliwa Dar es Salaam, na siku ya leo ni Lindi mjini. Kila kilometa ni miaka milioni 10, na kila meta ni miaka 10,000.

Basi linaondoka. Karibu na kilometa ya 100, hata mto Rufiji hatujauvuka, tunakuta vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho; alama zao zimehifadhiwa katika miamba ya Australia. Baadhi ya vijidudu vya namna hii walijua kutumia mwanga wa jua kama yafanyavyo majani, wakatoa oksijeni. Kwenye kilometa ya 210 hivi, hewa hiyo ikaanza kukusanyika angani. Pumzi unayovuta sasa hivi asili yake ni kazi yao. Baada ya hapo ni mwendo mrefu, na abiria anaweza kulala bila hasara kubwa, kwa maana wanyama wenye magamba na miguu hawaonekani kwa wingi mpaka zimebaki kilometa 54 tu kufika Lindi! Zikibaki kilometa 37, wanyama wa jamii ya samaki, wenye miguu minne, wanaanza kupanda nchi kavu. Zikibaki 25, maangamizi makubwa kuliko yote: viumbe wengi wa baharini wakatoweka kabisa, na wa nchi kavu wengi pia. Mifupa ya wanyama wa nyakati hizo hupatikana katika bonde la Ruhuhu, upande wa Ziwa Nyasa.

Zikibaki kilometa 15, yaani miaka milioni 150 iliyopita, tushuke. Hapa pana mambo.

Kilima cha Tendaguru kiko kama kilometa 60 kutoka Lindi, kaskazini-magharibi. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona huko mifupa mikubwa imetokeza ardhini. Tangu mwaka 1909 hadi 1913 jumba la makumbusho la Berlin lilichimba mahali hapo, wakubwa wa kazi mwanzoni wakiwa Werner Janensch na Edwin Hennig. Vitabu huwataja hao, na ni haki. Lakini waliochimba ni mamia ya watu wa kusini, na wengi wao walikuwa wametoka juzi tu katika Vita vya Majimaji na njaa iliyofuata. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, fundi wa kuitoa mifupa katika udongo bila kuivunja. Walifunga vipande kwa plasta na udongo, wakavizungushia mianzi, kisha wapagazi wakavibeba kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa. Jumla ilipita tani 200. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kitaalamu Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Ilichukua muda mrefu, lakini jina limeandikwa.

Mifupa hiyo yasema nini? Yule mkubwa, Giraffatitan, alivyosimamishwa Berlin ana kimo cha meta 13.27, kama nyumba ya ghorofa nne. Mwingine, Kentrosaurus, alikuwa na miiba mgongoni na mkiani. Wote wawili walikula majani. Lakini msifikiri majani ya shamba lako! Nyasi hazikuwapo, wala mnazi, wala mhindi. Miti mingi ilikuwa ya jamii ya misonobari.

Tena, jambo lililonivutia mimi kuliko ukubwa wa mnyama: tabaka za mifupa Tendaguru ni tatu, na katikati yake zimo tabaka zenye makombe ya baharini. Bahari iliingia, ikatoka, ikaingia tena, na kila ilipotoka wanyama walirudi pwani. Ndivyo mwamba unavyosomwa: cha chini kilitangulia, cha juu kilifuata.

Turudi ndani ya basi. Zikibaki kilometa 6 na nusu hivi, jimwamba kutoka angani liliipiga dunia huko Mexico, na dinosaria wakaisha, isipokuwa ukoo mmoja: ndege. Kuku anayeparua uani kwako ni wa ukoo huo. Msidhani lakini kila kiumbe hubadilika sana. Yuko samaki aitwaye silikanti, aliyedhaniwa kuwa alikufa pamoja na dinosaria hata alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Na mwaka 2003 wavuvi wa upande wa Kilwa walimpata pia. Hakufanana sawasawa na babu zake, lakini umbo ni lile lile.

Nyayo za Laetoli, za viumbe waliotembea wima kama sisi, ziko meta 366 kabla ya Lindi. Watu wa namna yetu wenyewe wanaanza meta 30 tu kabla ya kufika. Miaka 2,000 iliyopita ni shubiri moja. Majimaji ni upana wa kidole.

Sasa neno la kazi. Ukilima ukakuta mfupa mzito kama jiwe, usiuvunje wala usiuuze. Uache ulivyolala, weka alama, ukamwarifu mwenyekiti wa kijiji. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaulinda, na mfupa ukiondolewa mahali pake haujulikani tena ni wa tabaka ipi.

Swali la vikundi ni hili: mifupa ya Tendaguru ingali Berlin. Wako wanaotaka irudishwe. Wengine wataka makumbusho yajengwe Lindi kwanza. Mimi naona mtoto wa Lindi asingehitaji kupanda ndege ili auone mfupa uliobebwa na babu yake. Ninyi mwasemaje? Andikeni hoja za pande zote mbili, mzilete kwa barua. Juma lijalo, saa kama hii, tutafika Olduvai. Kwaherini.