Haki Imetangulia: Maana ya Alama ya Nchi Yetu



Tumeombwa kusema machache juu ya alama ya nchi, ile ya kichwa cha chui, iliyo kwenye barua za serikali na juu ya pasipoti. Twaiona, lakini hatuitazami. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 yaieleza katika kifungu cha kwanza: kichwa cha chui, upande wa kushoto pembe ya ndovu, upande wa kuume mkuki, na vyote vyakaa juu ya jiwe.

Chui ni ukubwa wa mfalme. Katika makabila mengi ya Kongo ngozi yake haikuvaliwa na mtu yeyote tu, na Mobutu alilijua hilo alipoiweka kichwani pake. (Vijana wa mpira wamjua chui kwa sababu nyingine: kwa jina lake timu yetu ilikwenda Ujerumani Magharibi mwaka 1974.) Pembe yatukumbusha utajiri, na vilevile damu iliyomwagwa kwa ajili yake wakati wa Leopold II.

Lakini chini ya chui yameandikwa maneno matatu: Haki, Amani, Kazi. Wakati wa Zaire yaliandikwa Amani, Haki, Kazi. Mtu atasema ni yale yale. Sisi twaona sivyo.

Wenye nguvu hawadharau alama. Huko Ujerumani mji wa Coburg una alama ya kichwa cha Mwafrika, ndiye Mtakatifu Morisi, askari mfiadini. Mwaka 1934 Wanazi walimwondoa, wakaweka upanga na msalaba wao uliopindwa. Mwaka 1945 Morisi akarudishwa. Basi, kama kichwa kimoja kiliwasumbua watawala wale, mpangilio wa maneno matatu nao si jambo la bure.

Papa Pio XII alichukua kwa alama yake fundisho la nabii Isaya, kwamba amani ni tunda la haki. Anayeidai amani kwanza huwaambia waliodhulumiwa wanyamaze. Twalijua hilo hapa. Mwezi wa Oktoba 2012 mapadri watatu Waasumpsio walitekwa Mbau. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa mashambani na vijijini; mwezi wa Agosti 2016 ilikuwa zamu ya Rwangoma. Kila mara twaambiwa tutulie, nao wajane wangali wanauliza nani atahukumiwa.

Mheshimiwa Askofu Kataliko aliyaishi maneno hayo matatu. Kazi: Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianza mwaka 1989, yeye akiwa mchungaji wetu. Haki: akiwa Askofu Mkuu wa Bukavu, katika barua yake ya Noeli ya mwaka 1999 alisema wazi juu ya mateso ya watu. Mwezi wa Februari 2000 wakubwa wa RCD walimzuia kurudi kwake, wakamleta huku Butembo. Walidhani wamemwadhibu; kumbe walimrudisha kwa watu wake! Alikaa nasi hadi Septemba, akarudi Bukavu, na tarehe 4 Oktoba akafariki huko Roma. Hakukubali kununua amani kwa kunyamaza.

Sisi makatekista tumepatana jambo moja. Juma lijalo watoto wa komunyo ya kwanza watachora alama ya nchi katika madaftari yao, nasi tutayasahihisha maneno matatu mmoja mmoja. Atakayeandika Amani mbele ya Haki, ataanza upya.