Mwanafunzi wa Usimamizi wa Ujenzi Apewe Kazi Yenye Jina Lake



Nimeombwa nizungumzie uhaba wa nafasi za fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kwa wanafunzi wetu wa usimamizi wa ujenzi. Kwamba nafasi ni chache hakuna anayebisha. Ila hata pale zinapopatikana, mara nyingi ndani yake hamna kazi, na hapo ndipo nitakapokaa leo.

Wengi wenu mnaijua hali yenyewe. Mwanafunzi anaripoti Jumatatu na barua ya chuo, anaazimwa helmeti, anaambiwa, "Zunguka uone." Anazunguka wiki ya kwanza, anazunguka ya pili, ya tatu anatumwa kutoa kopi. Jioni anajaza daftari la fildi: "Leo tumemwaga zege." Waliomwaga ni vibarua, yeye alikuwa amesimama kwenye kivuli cha stoo. Ijumaa foromani anasaini kurasa zote tano kwa pumzi moja. Mhadhiri akija ukaguzi, anasaini chini yake na kuuliza njia ya kurudi barabarani.

Sasa tuiangalie siku hiyohiyo ya zege kwa jicho la msimamizi wa ujenzi. Gari la kwanza linaingia na karatasi yake ya kupokelea, yenye saa lilipopakiwa na aina ya zege. Mtu lazima aipokee karatasi hiyo, aandike saa gari lilipofika na lilipomaliza kumwaga, ashuhudie kipimo cha koni, ahakikishe sampuli za mchemraba zimechukuliwa na kuandikwa tarehe, kisha azifuatilie maabara siku ya 7 na siku ya 28. Katikati ya yote hayo, pampu inakwama kidogo na dereva anafungua bomba ili aongeze maji zege lilainike. Darasani tumefundisha kwamba maji ya ziada hupunguza nguvu ya zege. Hatujafundisha anayesema "hapana" ni nani, anamwambia nani, na kwa lugha gani kwa dereva mwenye umri wa baba yake. Usimamizi wa ujenzi ni hapo hasa. Mwanafunzi aliyepewa daftari la kupokea zege, likiwa na jina lake juu, atajifunza mengi siku hiyo kuliko muhula mzima wa slaidi zangu. Na mkandarasi atabaki na kumbukumbu zitakazomtetea siku mshauri elekezi atakapohoji nguzo.

Ombi langu ni hili: kila mwanafunzi wa fildi akabidhiwe kumbukumbu moja ambayo saiti inaitumia kweli. Iwe ya zege, ya mahudhurio ya vibarua, ya kuingia na kutoka kwa vifaa stoo, au ya maendeleo ya kazi kila wiki ikilinganishwa na ratiba. Moja inatosha, mradi ikikosewa mtu aulizwe.

Kuhusu mahali pa kwenda, nina neno na wanafunzi. Kila mmoja anataka wasifu wake useme alikuwa kwenye reli ya SGR, au Bwawa la Julius Nyerere, au Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Ni miradi ya kujivunia. Lakini kwenye mradi mkubwa mwanafunzi huwekwa kwenye kona moja na haoni kingine. Bodi ya Usajili wa Makandarasi huwapanga makandarasi wa majengo katika madaraja saba, na foleni yote ya barua zenu iko kwenye la kwanza. Nendeni la tano, nendeni la sita. Huko mwenye kampuni ndiye anayenunua nondo, ndiye anayelipa vibarua Jumamosi, ndiye anayeandaa madai ya malipo usiku, na fedha zilizozuiliwa hadi kipindi cha matazamio kiishe anazihesabu kichwani. Anamhitaji mtu wa kumpangia makaratasi kuliko anavyokubali kusema. Katika wiki nane mwanafunzi anaweza kuuona mradi mdogo kuanzia msingi hadi linta, pamoja na ugomvi wake wote.

Kuna saiti nyingine ambazo hatuzitumii kabisa. Mwaka 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa UVIKO-19, na kazi hiyo ilifanyika kwa utaratibu wa fosi akaunti: hakuna mkandarasi, kuna fundi wa eneo husika, mwalimu mkuu, na kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi. Shule na zahanati nyingi zimejengwa na zinaendelea kujengwa hivyo. Mhandisi wa halmashauri hawezi kuwa kwenye saiti zote kwa wakati mmoja, na mwalimu mkuu hakusomea nondo.

Tuchukue hesabu ndogo. Tuseme linta ya darasa inazunguka mita 32, upana sentimita 23 na kina sentimita 20. Hiyo ni karibu mita za ujazo moja na nusu. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, saruji inayohitajika ni kama mifuko kumi ya kilo 50. Ongeza mmoja wa upotevu. Daftari la stoo likionyesha mifuko 16 imetoka, mwanafunzi wa mwaka wa pili anao uwezo wa kuuliza mitano iko wapi. Swali hilo likiulizwa kwa adabu mbele ya kamati, halmashauri imepata msimamizi na kijana amepata fani. Vyuo vyetu viandikiane na halmashauri moja kwa moja, badala ya kumwachia kila mwanafunzi azunguke na bahasha yake. Na akiwa huko aombe kukaa na watu wa manunuzi, aone zabuni inavyopita kwenye mfumo wa NeST, maana tangu 2023 ndiko zabuni za umma zinakopita.

Tatizo halikomi siku ya mahafali. Wahandisi wana mpango wa SEAP chini ya bodi yao: mhitimu anapitia miaka mitatu ya kulelewa na mhandisi aliyesajiliwa, akiandika taarifa zinazosomwa. Mhitimu wetu wa usimamizi wa ujenzi mara nyingi huachwa ajitafutie njia, na wengi huanza kuuliza habari za usajili baada ya kukosa kazi. Ofisi za ushauri wa ajira vyuoni zinafundisha kuandika wasifu na kufunga tai kwenye usaili. Sizibezi. Ila mwajiri wa saiti akimwona kijana anauliza jambo moja: umewahi kushika nini? Tangu mwaka wa kwanza kila mwanafunzi awe na faili la kazi zake: mchanganuo wa gharama aliousaidia kuandaa, ratiba aliyoifuatilia na sababu za kazi kuchelewa, kumbukumbu za kikao alizoziandika, kila karatasi ikiwa na saini ya aliyemsimamia.

Nisipite bila kugusa nauli. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo anaweza kupata fungu la mafunzo kwa vitendo. Asiye na mkopo analipa mwenyewe daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na chakula cha mama ntilie juu yake. Kampuni inayoshindwa kumpa posho iweze basi kumlisha mchana. Helmeti na buti si hisani, mtu asiingizwe saiti bila hivyo. Na wasichana wetu wasipelekwe tena stoo kuhesabu misumari kwa kisingizio kwamba jukwaa ni hatari. Jukwaa likiwa hatari kwa msichana ni hatari kwa kila mtu, lirekebishwe. Saiti isiyo na choo cha wanawake ijenge kimoja, mafundi mnao.

Kwa wahadhiri wenzangu: tupunguze maksi za ripoti ndefu yenye historia ya kampuni iliyonakiliwa, tuziongeze kwenye kumbukumbu halisi aliyoishika mwanafunzi. Tukienda ukaguzi, tuombe kwanza kuliona daftari hilo, na tumuulize foromani maswali mawili mbele ya kijana wake.

Kwenu makandarasi, sina ombi la mshahara wala ajira. Kabla ya fildi ya mwaka huu kuanza, kila kampuni iandike jina la kumbukumbu moja itakayomkabidhi mwanafunzi na jina la mtu atakayeikagua kila jioni, ipeleke chuoni. Chuo nacho kisimpeleke mwanafunzi mahali ambapo majina hayo mawili hayajaandikwa.