Matembezi Kando ya Mfereji, na Habari za Kigong'ota

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Halmashauri imetutaka tueleze habari za matembezi yaliyofanywa na wanachama saba kando ya mfereji mmoja katika nchi ya Marangu, mlimani Kilimanjaro. Twajua wamo humu ndani wasemao kwamba karani akiipata Jumamosi yake ni heri ajilaze kitini. Hao twawaomba watuvumilie kidogo.

Mifereji hii, ambayo Wachaga wenyewe huiita mifongo, ni ya kale. Rebmann alipoufikia mlima huu mwaka 1848 ilikuwa imekwisha chimbwa. Maji hukingwa juu kijitoni, yakaongozwa kwa mteremko mdogo sana ubavuni mwa kilima mpaka kwenye vihamba, na watu huyatumia kwa zamu. Kwa hiyo mtu apitaye ukingoni mwa mfereji hutembea karibu tambarare, ingawa yu mlimani. Maji yako upande mmoja, na juu ya kichwa chake iko miringaringa na miruka mikubwa itiayo kivuli migomba na mikahawa. Kwa atakaye kutazama ndege, hatujaona njia iliyo bora kuliko hiyo.

Saa nzima ya kwanza hatukuona kitu, na kosa lilikuwa letu. Tulikwenda kama watu waendao kupokea mshahara, tukijadili madaraja na uhamisho kwa sauti kuu, na mwenzetu mmoja amefungua mwavuli mweusi ingawa mvua haikuwako. Ndipo tukapatana: mwavuli ufungwe, habari za ofisi zikome, na kila penye kona tusimame dakika kumi bila neno. Mara nchi ikawa nyingine. Ndege mwembamba wa rangi ya kijivu na nyeupe alishuka mawe kwa mawe akitikisa mkia. Kaa wa mtoni alitoka chini ya ukingo, akatutazama, akarudi. Katika mti wa kahawa tulimwona kinyonga dume wa mlimani, mwenye pembe mbili bapa puani, ambaye bila shaka tulikuwa tumekwisha mpita. Hondohondo wawili walipita juu, na mbawa zao zikavuma hata tuliokuwa tumeinama tukainua vichwa.

Kisha tukasikia kugonga. Tulidhani ni mtu atengenezaye mzinga wa nyuki, kumbe ni kigong'ota, wengine humwita gogota, juu ya mruka mkavu uliokuwa karibu sana na maji. Alikuwa mdogo kuliko tulivyotazamia, mgongo una mistari, na nyuma ya kichwa ana wekundu, alama ya dume. Jike lake ni jeusi mahali hapo. Vidole vyake viwili huelekea mbele na viwili nyuma, na mkia wake ni mgumu, naye huuegemeza mtini kama mguu wa tatu. Ulimi ni mrefu hata mizizi yake huzunguka nyuma ya fuvu la kichwa. Kwa huo huwatoa mabuu ndani ya mti. Tena si kila agongapo anatafuta chakula. Ule mgongo wa haraka kama ngoma ni tangazo: kwamba mahali hapa pana mwenyewe.

Mmoja wetu aliuliza kwa nini haumwi kichwa. Watu wengi walidhani kwamba fuvu lake lina kitu kama godoro cha kupunguza kishindo. Lakini mwaka 2022 wataalamu waliopiga picha za upesi sana za vigong'ota wa aina tatu walionyesha kwamba kichwa hakina godoro lo lote. Ni kigumu kama nyundo, maana nyundo yenye godoro ingepoteza nguvu. Kinachomwokoa ni udogo wa ubongo wake. Jibu hilo lilimpendeza aliyeuliza, hata wenzake wakaanza kumtazama kichwa.

Tulikuwa tungali tunacheka alipofika mzee mmoja, mwenye kihamba kile, na shoka begani.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, wanangu. Mmepotelewa na nini juu ya mti wangu?”

Tukamwonyesha tundu, na sauti za makinda zikasikika ndani. Tukamsihi asiukate. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatuonyesha tawi nene lililoinama juu ya mfereji. Akasema, “Tawi hili likianguka usiku litabomoa ukingo, na kesho ni zamu ya mjane aliye kule chini. Je, ndege huyu atamletea maji?”

Hatukuwa na jibu, na twakiri mbele yenu kwamba tulikuwa tumekwisha andaa hotuba nzuri juu ya kuhifadhi viumbe. Mwisho wake wawili wetu walivua makoti, tukalikata tawi kwa zamu chini ya maagizo yake, tukaliburuta mpaka jikoni kwake liwe kuni. Shina lenye tundu akakubali liachwe mpaka makinda waruke. Dume alirudi na chakula kinywani kabla hatujamaliza kunawa mikono.

Mbele kidogo mfereji umetiwa saruji. Hapo hatukuona kaa wala yule ndege wa mawe, maana hapana tope wala shimo la kukaa. Tulitaka kulaumu, lakini mzee, aliyetusindikiza, alisema kwamba mfereji wa udongo hunywa maji mengi kabla hayajafika chini. Maneno yake ni kweli. Maoni yetu ni kwamba saruji itiwe palipo na uvujaji mkubwa, na penginepo ukingo uachwe wa udongo. Wenye mfereji ndio waamuzi.

Tulirudi baada ya wiki nne. Tundu lilikuwa kimya, na shina lilikuwa lingali limesimama. Tulipomwuliza mzee ataliangusha lini, alijibu kwamba kuni za lile tawi hazijesha.

Daftari la matembezi liko kwa Katibu. Atakaye kufuatana nasi aandike jina lake, naye mwenye mwavuli amekwisha ahidi kuuacha nyumbani.