Bima Ipo, Je, Inamhusu Majeruhi?



Ajali ikitokea, ndugu wa majeruhi huuliza kwanza: "Chombo kina bima?" Tunawaomba muongeze swali la pili: "Bima hiyo inamhusu majeruhi wetu?" Mtu aliyevunjika mgongo au kukatwa mguu anaweza kukosa fidia ya bima ilhali chombo kilikuwa na stika halali.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inataka kila chombo cha moto barabarani kiwe na bima ya kufidia watu wengine wanaoumia au kufa kwa sababu yake. Hiyo ndiyo bima ndogo. Humlinda mtembea kwa miguu, mwendesha baiskeli na waliomo katika chombo kingine. Haimlipi dereva majeraha yake mwenyewe. Bodaboda anayetaka kinga hiyo hukata bima ya ajali binafsi.

Kwa abiria, mambo hutegemea matumizi yaliyoandikwa katika bima: binafsi, mizigo au abiria wa kulipa. Pikipiki iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi ili kupunguza ada, kisha ikabeba abiria wa kulipa, humwachia abiria huyo mgogoro na kampuni. Vivyo hivyo, anayepanda juu ya magunia ya mpunga katika lori mara nyingi hahesabiki katika bima ya mizigo. Humbaki kumdai mwenye chombo, ambaye pengine hana cha kulipa.

Kwa hiyo, mwenye chombo ataje matumizi ya kweli anapokata bima. Nanyi wengine mnaweza kuhakiki stika katika mfumo wa TIRA MIS kwa namba ya usajili ya chombo.

Ajali ikishatokea, zingatieni haya:

Kwanza, toeni taarifa polisi, pateni fomu ya PF3, na tunzeni kila cheti na risiti ya hospitali.

Pili, iandikieni mapema kampuni iliyokatia chombo bima, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Tatu, msitie saini hati ya malipo ya mwisho kabla daktari hajaandika kiwango cha ulemavu wa kudumu. Hati hiyo hufunga dai, hata mguu ukikatwa baadaye.

Nne, angalieni muda. Madai ya madhara hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3, na mazungumzo na kampuni hayasimamishi hesabu hiyo.

Kampuni ikikataa kulipa, ombeni sababu kwa maandishi. Msiporidhika, pelekeni barua hiyo kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, au mtuletee sisi, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima.