Mwalimu Katika Mji wa Ugenini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee na wanachama katika mkutano mkuu wa mwaka, Laare)



Sisi tunaosimama mbele yenu ni walimu, wana wa Laare na vijiji vinavyoizunguka, tuliokwenda kufundisha katika mji wa Kigali, nchi ya Rwanda. Wengine wetu tumekwisha kurudi, na wengine wako huko hata leo. Nao wametutuma tuseme kwa niaba yao.

Mnajua jambo lililotuleta. Halmashauri imependekeza kwamba mwanachama aliyekaa nje ya nchi zaidi ya miaka miwili jina lake lifutwe katika daftari, naye asihesabiwe tena katika michango ya ugonjwa na ya maziko. Hatukuja kugombana na halmashauri, maana twajua pendekezo hili limetoka katika uchovu wa watu waliobeba mzigo wa wengine. Tumekuja kuwaelezeni maisha ya mwalimu ugenini yalivyo, ili mtakapokata shauri mkate kwa kujua.

Kwanza, kwa nini twaondoka? Hapana mzee hapa asiyejua kwamba karo yetu ilitoka katika miraa. Baba zetu walipanda mashina, wakachuma, wakafunga, wakauza sokoni, nasi tukasoma hata tukapata vyeti vya ualimu. Lakini cheti si kazi. Mtu aweza kuandikishwa na Tume ya Walimu, akapata namba yake, kisha akakaa miaka akingoja kuajiriwa. Mkono mtupu haulambwi. Basi tuliposikia kwamba Rwanda yahitaji walimu, tulifunga safari.

Haja hiyo ilikuwa na sababu yake. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2008 serikali yake ikaamua kwamba masomo shuleni yafundishwe kwa Kiingereza mahali pa Kifaransa. Walimu wengi wa huko walikuwa wamesoma kwa Kifaransa, nao walitakiwa kubadili ulimi wao kwa muda mfupi. Hivyo walimu kutoka Kenya na Uganda walipata nafasi, hasa katika shule za watu binafsi. Itifaki ya Soko la Pamoja ilipoanza kutumika Julai 2010, njia ilizidi kufunguka. Na tangu mwaka 2014 Mkenya amepata kuingia Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa tu.

Wazee wetu, msidhani kwamba sisi ni wa kwanza kuijaribu kazi hii. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mwaka 1900, mwalimu mmoja wa pwani, Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Huko aliandika habari za desturi za watu wake, zikachapishwa mwaka 1903 katika kitabu alichokitengeneza Carl Velten, kiitwacho Desturi za Wasuaheli, nacho chasomwa na wataalamu hata leo. Lakini baadhi ya wanafunzi wake hawakutaka kumheshimu mwalimu Mwafrika, na kazi yake pale ikakoma. Alikuwa amemwoa Mjerumani mwaka 1904. Mwaka uliofuata alipotaka kurudi kwao pamoja na mkewe, serikali ya kikoloni haikumruhusu kushuka naye na kukaa katika nchi aliyozaliwa. Akarudi Ujerumani. Baadaye alifundisha Hamburg, na mwaka 1927 akafa huko huko ugenini.

Twaitaja habari hii kwa sababu moja. Dharau za Berlin Mtoro alizivumilia, na kazi aliendelea kuitafuta. Jambo zito zaidi lilikuwa kufungiwa mlango wa kwao. Aliyemfungia alikuwa mtawala wa kigeni. Sisi twaomba mlango wetu usifungwe na ndugu zetu wenyewe.

Sasa tuwaelezeni mji wa Kigali. Ni mji wa vilima, safi, na watu wake ni wapole na waangalifu wa maneno. Magari hupita upande wa kulia wa barabara, basi mgeni atokaye Kenya hana budi kujifunza upya hata kuvuka njia. Saa ya huko iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Laare ikiwa saa tatu usiku, Kigali ni saa mbili. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, tangu saa mbili hadi saa tano asubuhi, watu hutoka kufanya kazi ya pamoja iitwayo umuganda: kufagia, kuchimba mitaro, kutengeneza njia. Nasi tulitoka. Mithali yasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapo penye jembe ndipo tulipojuana na majirani.

Lugha yao ni Kinyarwanda. Mwigembe hukisikia kama sauti ya jamaa wa mbali. Sisi twasema muntu, wao husema umuntu. Lakini maji, ambayo kwetu ni ruuji, wao huita amazi, karibu na Kiswahili. Saa wanazihesabu kwa maneno yaliyotoka katika Kiswahili, saa moya, saa mbiri, saa tatu. Na katika mtaa wa Nyamirambo, wenye Waislamu wengi, Kiswahili husemwa tangu zamani. Mwaka 2017 nchi hiyo ilikifanya Kiswahili kuwa moja ya lugha zake rasmi. Hata hivyo, mwalimu asiyejua kusema mwaramutse asubuhi na mwiriwe mchana huonekana mtu asiye na adabu, hata akiwa na shahada mbili.

Darasani ndiko tulikojifunza zaidi. Tulikuta watoto wanyamavu. Tukiuliza swali, hapana mkono. Tulipochunguza tuliona kwamba hesabu waliijua. Kilichokosekana ni maneno ya Kiingereza ya kuielezea. Mtoto alikokotoa hesabu yake sawasawa daftarini, akaandika mkato mahali ambapo sisi huandika nukta, kama walivyofundishwa wale waliomtangulia kwa Kifaransa. Mwalimu mwenye haraka angempa kosa. Basi tuliwaomba watoto watufundishe majina ya vitu kwa Kinyarwanda, nasi tukawapa ya Kiingereza. Walipoona mwalimu naye anakwama katika maneno, walicheka, kisha wakaanza kusema. Tangu hapo mikono ikainuka.

Tena kuna maswali ambayo kwetu ni salamu tu, na huko hayaulizwi. Hapa tukikutana na mgeni twamwuliza kabila lake bila ubaya. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, kabila liliondolewa katika vitambulisho, na mtu mwenye busara haliulizi. Kila mwaka tarehe 7 Aprili huanza juma la maombolezo. Mwalimu hujua kwamba mzazi aliyeketi mbele yake, au mwalimu mwenziwe, huenda alipoteza jamaa wote. Katika siku hizo tulijifunza kunyamaza na kukaa pamoja na watu.

Liko jambo jingine, wazee, nalo halisemeki kwa wepesi hapa Laare. Miraa, zao halali la nchi yetu na mti uliotulipia karo, Rwanda huhesabiwa miongoni mwa dawa za kulevya. Tanzania iliutia katika sheria yake ya mwaka 2015, na Uingereza iliupiga marufuku mwaka 2014. Mwalimu akionekana nao hawezi kujitetea kwa kusema ni desturi ya kwao. Atapoteza kazi na kufungwa. Twawaomba wazazi, kwa upendo wote, msimfungie kijana kifurushi cha ukumbusho anapopanda basi. Tulipoulizwa na wenyeji kwetu twalima nini, tulijibu kweli bila kuona haya, kwamba ndio uliotusomesha. Lakini sheria ya nchi ya watu tuliitii.

Sasa twafika penye uchungu. Mpaka wa Gatuna, ulio katika njia ya Kampala, ulifungwa Februari 2019, haukufunguliwa tena hadi 31 Januari 2022. Katikati ya muda huo ukaja ugonjwa wa korona. Machi 2020 shule zilifungwa, na baadhi ya waajiri wa shule za watu binafsi wakasimamisha mikataba. Mishahara ikakatika, na njia ya kurudi haikuwapo. Mmoja wetu alifiwa na mama yake katika miezi hiyo. Alisikia mazishi kwa simu. Aliyechimba kaburi ni ninyi. Aliyenunua jeneza ni chama hiki. Aliyesimama mahali pa mwana ni jirani, mwanachama mwenzetu. Kama jina lake lingekuwa limekwisha kufutwa, mama huyo angezikwa kwa fedha za nani?

Twajua jibu la wale wanaounga mkono pendekezo. Husema: "Sisi tunabeba jembe na jeneza, wao wanatuma salamu. Mzigo hauko sawa." Neno hili ni la haki, nasi hatulikatai. Wako walioondoka wakasahau ada kwa miaka, kisha wakakumbuka chama siku ya msiba. Chama hakiwezi kuendeshwa hivyo. Lakini kosa hilo ni la kutolipa. Si la kuwa mbali. Yuko mtu aliye hapa sokoni naye halipi, na yuko aliye Kigali hajakosa hata mwezi mmoja. Kanuni ipime mchango wa mtu, isipime maili zake.

Kwa hiyo twaleta maombi matatu badala ya pendekezo hilo. La kwanza, mwanachama aendaye nje alipe ada ya mwaka mzima kabla ya kuondoka, na nusu yake zaidi kwa ajili ya kazi ya mikono ambayo hataweza kuifanya. Na akipitisha miezi sita bila kulipa deni lake, hapo afutwe. La pili, kila aendaye aandikishe mdhamini hapa nyumbani, ndugu au rafiki, atakayesimama mahali pake penye msiba na kazi. La tatu, arudipo likizoni awafundishe bure watoto wa wanachama kwa juma moja. Hilo tuko tayari kulianza mara moja.

Na kwa vijana wanaojiandaa kwenda, tuna maneno machache. Msiondoke bila mkataba ulioandikwa, wenye mshahara, muda, na nani atakayelipa nauli kazi ikikoma. Soma kabla ya kutia sahihi, na nakala moja iache kwa baba yako. Weka akiba ya nauli ya kurudi, usiiguse hata kwa shida ndogo. Jifunze salamu za watu kabla ya kujifunza bei zao. Wala usimwambie mwenyeji kila siku kwamba kwenu hufanyika hivi na hivi. Hakukuita umrekebishe, alikuita umfundishie mwanawe.

Wazee wetu, wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwalimu aweza kusifiwa ugenini na kupendwa na wanafunzi wake, lakini siku ya kuugua na siku ya kufa hutafuta jina lake limeandikwa wapi. Twaomba liendelee kuandikwa katika daftari hili.

Shauri twaliacha mikononi mwenu.